Afya ya Kibonge

Kwenye nyumba ile kulikuwa na mizani mbili, na mpishi alizitumikia zote. Ya kwanza ilikaa jikoni, ndogo, ya kioo, ya kupimia chakula cha bosi: kuku gramu mia na ishirini bila ngozi, samaki gramu mia na hamsini bila mafuta, parachichi robo, na robo yenyewe isiwe ile ya ukarimu. Ya pili ilikaa bafuni, ya kumpimia bosi mwenyewe. Ya bafuni ikipanda asubuhi, ya jikoni ndiyo iliyoshukiwa, na kwa kuwa mizani haina mdomo, aliyejibu mashtaka ni mpishi.

Lakini bosi hakuwa mtu mbaya. Tulimalize hilo mapema, kwa sababu ukisikia habari za tajiri na mpishi wake unaanza kumtafuta mbaya wako, na hapa utamtafuta mpaka uchoke. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye mkono wazi, anayemwita mpishi "dada" na kumaanisha. Mpishi akiumwa kichwa, bosi mwenyewe alipanda ngazi kumtafutia dawa. Shida yake ilikuwa mwili tu. Alitaka upungue, nao haukutaka.

Wiki ya kwanza ya kazi mpishi alivuruga mambo. Mtaani kwake, ukikutana na mtu mliyepoteana mwaka mzima na ukataka kumfurahisha, unamwambia ana afya. Maana yake mashavu yamejaa, mikono imejaa, mambo yake si haba. Basi asubuhi moja, kwa moyo mweupe kabisa, alimwambia bosi, "Leo bosi una afya kweli!" Bosi aliweka uma mezani, akaenda chumbani, na hakuonekana tena mpaka saa kumi. Mlinzi wa getini, ambaye alikuwa na miaka tisa pale na alijua kila kitu isipokuwa kunyamaza, ndiye aliyemfumbua macho.

"Humu ndani neno hilo ni tusi," alisema. "Humu mtu akikonda ndiyo anapewa hongera."

"Akikonda?"

"Akikonda. Usiniulize mimi, mimi nalinda geti."

Kila Jumanne alikuja mtaalamu wa lishe, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa makaratasi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wenye chakula wasikile. Yeye ndiye aliyepiga marufuku vyeupe. Mkate mweupe, marufuku. Wali mweupe, sukari nyeupe, unga mweupe, marufuku. Cheupe pekee kilichopona ni ute wa yai. Kila asubuhi mpishi alivunja mayai sita, ute ukaenda kwenye kikaango, na viini vikabaki kwenye bakuli, vya njano, vimekaa tu.

Hata hivyo vyeupe havikukoma kuingia. Wageni walileta keki, mume wa bosi alinunua mikate kwa mazoea, na bosi mwenyewe siku nyingine alizidiwa akiwa dukani. Kila jioni alifungua makabati akayasafisha. "Dada, niondolee majaribu haya. Mpelekee mtoto wako." Kisha aliandika kikaratasi cha getini, maana mlinzi alikuwa na amri ya kupekua kila mkoba unaotoka. *Mikate miwili, sukari, biskuti pakiti mbili, juisi.* Bila kikaratasi, hata ganda la ndizi halikutoka. Mpishi alipita getini na mkoba umejaa, akamshukuru Mungu kwa dhati, na nani asingeshukuru?

Viini ndivyo pekee ambavyo havikuwahi kuandikwa kwenye kikaratasi. Mara moja alijikaza akaviomba. "Bosi, hivi viini, kama havina kazi..." Bosi aligeuka na uso umembadilika. Alimketisha mpishi kwenye kiti cha jikoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akamsimulia habari za baba yake: mzee aliyekula mayai matatu kila asubuhi maisha yake yote, akaanguka siku moja mezani na kijiko kingali mkononi. Moyo. Wakaambiwa mafuta ya viini yamemziba mishipa.

"Siwezi kumpa mtu kitu ninachojua kinaua," bosi alisema, machozi yakimlengalenga. "Hasa mtoto. Nitalala vipi?" Akachukua bakuli kwa mkono wake, akamwaga viini kwenye sinki, akafungulia maji.

Na mpishi aliamini. Hilo ndilo kosa lake, kama kuamini ni kosa. Jioni ile ile alimwambia mama yake mzazi, aliyebaki nyumbani kumlea mjukuu, kwamba wasimnunulie tena mtoto mayai. Zamani walikuwa wakijibana wakapata mawili matatu kwa wiki. "Wenyewe wenye hela hawayali, mama. Wanajua wanachokikimbia. Sisi tutakula sumu kwa hela yetu?" Bibi, ambaye aliheshimu mno habari zinazotoka kwenye nyumba kubwa, alikubali papo hapo. Akasema hata yeye alishayahisi vibaya tangu zamani.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, miaka miwili na miezi mitatu, aliyeachishwa ziwa mama yake alipopata kazi. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke, na habari zake zikaishia hapo. Waliishi watatu kwenye chumba kimoja: kitanda, pazia, kabati la vyombo, jiko la mkaa mlangoni. Kabla ya mikate ya bosi, bibi alichemsha maharage mara mbili tatu kwa wiki. Lakini maharage yanakula mkaa saa tatu nzima, na mkate unakuja umeshaiva. Ungekuwa wewe ungewasha jiko? Hela ya maharage ikahamia kwenye kodi ya chumba na dawa ya presha ya bibi. Mtoto akaanza kuamka na mkate uliochovywa kwenye chai ya sukari, akashinda na biskuti na juisi, akalala na wali mtupu. Na alishiba. Hakuna siku ambayo mtoto yule alilala na njaa, na mama yake, ambaye yeye utotoni alilala nayo mara nyingi tu, alijivunia hilo kuliko kitu chochote maishani mwake.

Kisha bosi akagombana na mizani ya bafuni. Aliituhumu kwamba inasema uongo, akanunua nyingine ya bei ya kutisha, ambayo nayo ilisema yaleyale kwa taa nzuri zaidi. Ya zamani akampa mpishi. *Mizani moja, mbovu*, kikaratasi kilisema. Mpishi hakuamini ubovu wake. Aliazima dukani mfuko wa mchele wa kilo kumi, ambao haujafunguliwa, akauweka juu. Mizani ikasoma kumi kamili.

"Maskini," aliiambia. "Umefukuzwa kazi kwa kusema kweli."

Tangu siku hiyo kliniki akaiona ya nini? Foleni ya kliniki ilianza alfajiri, siku ya kliniki ilikuwa siku ya kazi, na kule kinachofanyika ni kupima mtoto, nayo mizani anayo chini ya kitanda. Kila Jumapili alipanda peke yake, akapanda tena na mtoto mkononi, akatoa. Tisa. Ikabaki tisa wiki kadhaa, akaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha ikasoma tisa na nusu. Kisha kumi. Siku iliposoma kumi na nusu alimrusha mtoto juu akamdaka, akamzungusha chumba kizima. Mtoto hakucheka, lakini mama yake alicheka kwa niaba ya wote.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, mwanamke asiyeweza kumwona mtoto bila kumbana mashavu, alimbana huyu akapiga kelele. "Kibonge! Jamani njooni mwone kibonge! Mama yake anapika kwa tajiri, mlitegemea nini?" Jina likashika. Mpishi akawa Mama Kibonge, na alipoitwa hivyo njiani alitembea kifua mbele.

Tena mtoto alitulia. Zamani alikuwa mtundu, anapanda vitu, anamwaga maji. Sasa alikaa pale alipowekwa, na bibi akasema amepata adabu. Nywele zake nyeusi, ngumu, zikawa laini zenye rangi ya kahawia, na fundi akasema hizo ndizo nywele, watu wanazitafuta saluni kwa hela. Chakula akaanza kukisukuma pembeni, na bibi akasema ni shibe ya jana. Kila jambo lilikuwa na maelezo yake, na maelezo yote yalikuwa mazuri.

Jumanne moja mtaalamu wa lishe alikuwa jikoni akipitia vipimo vya wiki. Bosi alikuwa juu, anavaa. Wageni wanane walitarajiwa mchana. Mpishi alikuwa anakanda unga wa mikate midogo ya wageni, ambao hawakuwa na miiko, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwepesi alifuta mikono akatoa simu.

"Daktari, na mimi nikuonyeshe wa kwangu. Tunamwita Kibonge. Ona afya hiyo!"

Mtaalamu alianza kutabasamu kabla ya kutazama. Kisha akatazama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Nywele zake zilikuwa hivi tangu azaliwe?"

"Hapana, zimependeza hivi karibuni."

"Anacheza?"

"Mtulivu sana."

"Anakula nini?"

Mpishi akavitaja kimoja kimoja, kwa fahari, mkate na chai na wali na biskuti na juisi ya boksi.

"Maziwa? Maharage? Mayai?"

"Mayai! Hapana, daktari, hayo tumeshayaacha. Na sisi tunafuata."

Yule mama alitazama dari, kule hatua za bosi zilikokuwa zikisikika, kisha akashusha sauti. "Ukifika nyumbani, mbonyeze mguu, hapa juu ya unyayo, kwa kidole gumba. Hesabu mpaka kumi, uachie. Pakibaki shimo, usingoje kesho. Mpeleke hospitali."

"Shimo la nini, daktari? Mtoto mnene huyu. Nimempima mwenyewe."

"Maji nayo yana uzito, mama," alisema mtaalamu, akakusanya makaratasi yake.

Bosi aliposhuka, mpishi aliomba ruhusa. "Nenda dada, nenda kabisa!" bosi alimjibu kwa moyo mmoja. "Ukishapakua tu chakula cha mchana." Mpishi alitaka kusema zaidi, lakini angesema nini? Kwamba kuna shimo ambalo hajaliona, kwenye mguu wa mtoto ambaye mtaa mzima unamsifia unene? Mtaalamu alifungua mdomo, akautazama mlango, akatazama saa, akaaga. Alikuwa na mteja mwingine. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Akarudi kwenye unga. Kila anayepika mikate anajua: unga uliokaa sawa ukiubonyeza unarudi, na uliopitiliza unabaki na shimo. Aliubonyeza. Ukarudi. Akavuta pumzi. Akabonyeza mkono wake mwenyewe, ukarudi. Akainama chini ya meza akabonyeza mguu wake mwenyewe, ukarudi, akajiambia basi, mtoto wake na yeye ni damu moja. Kisha akapima samaki. Akapima kuku. Akapika vyakula vinane na mchuzi wa pembeni, wageni wakala kwa vicheko, wakaacha nusu, wakasema wameshiba mpaka hawawezi kusimama. Alipotoka getini ilikuwa inakaribia saa kumi. Alikuwa na kikaratasi cha mikate mitatu.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, na biskuti mkononi ambayo hajaigusa. Mpishi akamshika mguu, mguu mnene, wa kung'aa, ambao bibi alikuwa anaupaka mafuta kila siku kwa mapenzi. Akabonyeza. Akahesabu mpaka kumi. Akaachia.

Shimo lilibaki. Lilibaki pale, la kina, la ukubwa wa kidole chake, na hakuna kilichorudi kulijaza.

"Utamuumiza mtoto," bibi alisema.

Akabonyeza mguu wa pili.

Hospitali ya serikali iliwapokea jioni ile. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene, mchovu, mwenye mikono ya haraka. Alimgeuza mtoto, akamtazama ngozi iliyoanza kuchubuka nyuma ya magoti, akabonyeza alipobonyeza mama yake, akaandika.

"Anaitwa nani?"

"Kibonge," bibi alidakia.

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama bibi, akayarudisha. "Ana utapiamlo mkali," alisema.

"Huyu hajawahi kulala na njaa," mpishi alisema kwa hasira, kwa maana aliona anatukanwa. "Hata siku moja. Mwulize yeyote mtaani."

"Sijasema amelala na njaa. Mmemshibisha mkate na sukari. Mwili wa mtoto unajengwa, unataka mayai, maziwa, maharage, samaki, karanga. Amevikosa, ndiyo maana maji yamejaa. Huu si unene."

"Mayai si yanaziba moyo?"

"Moyo wa nani?" Muuguzi alisimamisha kalamu. "Wa mtoto wa miaka miwili? Nani kakuambia hayo?"

Mpishi alikuwa anaviona viini vinaingia kwenye sinki, sita sita, asubuhi baada ya asubuhi, na mtu aliyevivunja ni yeye, kwa mikono hii hii aliyombebea mtoto. Alitaka kupiga kelele na hakujua ampigie nani.

Wodini walilala wawili wawili kitandani, akina mama chini. Maziwa maalumu yalitolewa kwa kijiko, kila baada ya saa tatu, na mtoto aliyapokea kwa kulazimishwa, mengine yakatoka puani. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mtoto wa kiume wa umri ule ule, ambaye mama yake alimwimbia kutwa. Siku ya nne kitanda kile kilitandikwa upya, na hakuna aliyeuliza.

Kila asubuhi walipimwa. Mpishi, aliyeijua mizani kama wengine wanavyojua vitabu vya dini, alisimama kuisoma. Kumi na robo. Tisa na nusu. Tisa kasoro. Mtoto alikuwa anayeyuka mbele ya macho yake, na kila namba iliposhuka muuguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Maji yanatoka." Mashavu aliyoyabana fundi yakaondoka. Miguu ikaondoka. Siku ya nane mizani ilisoma nane na robo, na kitandani akabaki mtoto mdogo wa mbavu na macho, ambaye ndiye aliyekuwemo humo ndani siku zote, na mama yake hakuwahi kumwona.

Siku hiyo hiyo bosi alipiga simu. Alikuwa amepiga karibu kila siku, hilo tumpe.

"Mtoto anaendeleaje, dada?"

"Amepungua kilo mbili, bosi. Wanasema ndiyo vizuri."

"Mungu ni mwema. Na mimi leo nimefika sabini na nane! Nimekukumbuka wewe, mpishi wangu. Utarudi lini?"

"Hongera, bosi," mpishi alisema, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Waliruhusiwa siku ya kumi na tatu, vitanda havitoshi. Pakiti za chakula cha karanga, ambazo watoto hupewa wakaenda nazo nyumbani, zilikuwa zimekwisha. Waulize mwezi ujao. Muuguzi alimshika mpishi mkono. "Bado hajarudi vizuri kwenye chakula. Lakini siku akinyoosha mkono mwenyewe akaomba, ujue amerudi. Siku hiyo asikukute huna kitu. Yai moja tu kwa siku, hata moja, litambeba. Mkimrudisha kwenye mkate mtupu, mtarudi hapa, na mara ya pili mimi siahidi."

"Yai si shida," mpishi alisema. Kwa mara ya kwanza tangu waingie mle, aliona mwanga. "Najua yanakopatikana. Sita, kila asubuhi."

Kwa hela iliyobaki alinunua mayai manne. Mtoto alikula nusu nusu kwa kubembelezwa, na siku ya nne yakawa yamekwisha. Mshahara ulikuwa mbali, nao umeshakatwa siku za wodini. Asubuhi hiyo mpishi alifika kazini mapema, akavunja mayai, akatenganisha, na bosi alipoingia jikoni alimkuta amesimama mbele ya bakuli.

"Bosi, nakuomba viini hivi. Kila siku, kama utaniruhusu. Hospitali wamesema mtoto anavihitaji."

Bosi aliweka mkono kifuani. "Dada. Baada ya yote yaliyompata?"

"Ndivyo walivyosema. Mwulize mtaalamu, yeye ndiye aliyeniambia nimpeleke."

"Yule nimeshaachana naye. Wiki nzima nimekwama hapo hapo, sabini na nane, anakula hela yangu tu." Alimsogelea, akamshika mabega, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Hizo hospitali za bure zinatibu kwa mambo ya zamani. Mtoto mwili wote umechoka, moyo umechoka, halafu umwongezee mafuta? Nilimzika baba yangu. Siwezi kukusaidia kumzika mtoto wako."

"Basi hata maziwa, bosi."

"Maziwa ya ng'ombe hayaingii humu, wewe mwenyewe unajua. Ni ya lozi tu, na hayo si ya mtoto."

Kuku alikuwa kwenye jokofu, amepimwa, kila kipande na karatasi yake. Mpishi alifikiria kumwomba bosi huyo kuku, akaacha. Kuomba kinachomwagwa ni jambo moja. Kuomba kilichopimwa kwa gramu ni jambo jingine, na siku kumi na tatu alizokosa kazini kulikuwa na mwanamke mwingine aliyepika hapa, na alipika vizuri, mlinzi alishamwambia. Bosi akachukua bakuli, akalimwaga kwenye sinki taratibu, kama mtu anayefanya jambo zito kwa ajili ya mwenzake, akafungulia maji mpaka njano yote ikaondoka. Jioni alisafisha makabati yote, akajaza mkoba mwenyewe, akaandika kikaratasi kirefu kuliko vyote alivyowahi kuandika.

Mlinzi alikisoma kwa sauti. "Mikate minne, keki nusu, sukari, biskuti, juisi boksi tatu. Eh! Leo umependwa." Akapekua, akahakikisha hakuna kisichoandikwa, akafungua geti.

Nyumbani jua lilikuwa linazama. Fundi cherehani alikuwa mlangoni, amemshika mtoto kidevu, anasikitika. "Kibonge wangu amekwisha! Mama Kibonge, mnampa nini huyu? Mpeni ale, afya irudi." Jiko lilikuwa limepoa, na kwenye kabati la vyombo kulikuwa na vyombo tu.

Mpishi aliweka mkoba kwenye mkeka. Mkate mmoja ulichungulia, mweupe, laini, bado una harufu ya dukani. Mtoto aliutazama. Kwa wiki nyingi hakuwa ametazama chakula chochote hivyo. Akajivuta kwa makalio, polepole, akafika kwenye mkoba, akanyoosha mkono.

"Nipe," alisema.

Bibi alishika mdomo kwa furaha. "Ameomba! Umesikia? Ameomba mwenyewe!"

Mpishi alisikia. Alitazama kabati, akatazama jiko, akautazama tena mkono ule, mwembamba, uliobaki umenyooshwa unangoja. Kisha akachukua kisu, akamkatia kipande kinene. Mtoto akala chote, akaomba kingine.